Salamu Zinamfilisi Fundi wa Fotokopi

Usiangalie pembeni. Namba yake umeihifadhi simuni, uliitumia mtoto alipopandwa na homa, na hujawahi kujiuliza nani analipia jibu.

Saa mbili asubuhi, dada anayelipia amepiga magoti. Mbele yake mashine ya fotokopi imefunguliwa kifua. Wino wa unga, yaani tona, umemkolea hadi kwenye kucha. Ndiyo maana ofisi zote humwita Tona. Simu iliyo sakafuni inatetemeka. Haigusi. Anajua ni hesabu ya asubuhi: majibu mia sita na kumi yameshatoka, na maduka ya dawa ndiyo kwanza yanafunguliwa.

Programu inayotoa majibu hayo aliijenga mwenyewe kwa miaka minne, baada ya kuzunguka maduka tisa akimtafutia mama yake dawa ya presha. Unatuma jina la dawa, inakujibu duka lipi linayo. Mtumaji halipi. Mwenye duka halipi. Kila jibu linatoka mfukoni mwa Tona.

Wiki ya uzinduzi alikadiria watu mia tatu. Walikuja elfu kumi na moja.

"Watu wananipongeza," anasema akifuta roli kwa kitambaa, "mimi naangalia mita inavyokimbia."

Kilichomzamisha zaidi si maswali, ni adabu. Hakuna aliyeanza na dawa. Walianza na shikamoo. Programu ikaitika marahaba, ikauliza hali. Wakajibu nzuri, sijui wewe. Ikasema nayo ni nzima. Ndipo ikaja dawa. Kisha asante, kisha karibu. Majibu manne kwa kidonge kimoja, na yote yanalipiwa sawasawa.

Shemeji yake, mhasibu wa shule, alimkalisha jikoni.

"Shem, futa hizo salamu. Mashine haina ukoo."

"Nilizifuta siku mbili. Wazee wakasusa. Mmoja alinipigia kuniuliza nimelelewa na nani."

Mama yake, aliyekuwa akimenya vitunguu, akadakia: "Umelelewa na mimi. Kitu kisichoitikia salamu nitakiaminije na dawa yangu?"

"Na wewe, Mama," shemeji akamgeukia, "kila asubuhi unaiandikia 'umeamkaje mwanangu'. Unajua unatugharimu?"

"Yenyewe hunijibu hapo hapo. Wewe hunijibu mpaka adhuhuri."

Tona alicheka siku ile. Sasa hacheki. Mama ameuza kiwanja chake kumnusuru, akiba ya miaka minane imekwenda, na Jumamosi hii, asipolilipa deni la kampuni ya simu, laini inakatwa. Wanaotafuta dawa watarudi kuzunguka kwa miguu, mama yake akiwamo.

Wenye maduka kumi na tisa waliahidi kuchangia kazi ikishika. Kazi imeshika. Mmoja ameajiri muuzaji wa pili kwa ajili ya wateja anaoletewa bure. Tona alipomfuata, alijibiwa taratibu: "Dada, wazo lilikuwa lako. Na mzigo ni wako."

Wengine tunakumbuka. Miaka tisa iliyopita fundi redio mmoja alitengeneza mfumo wa kupanga foleni za kliniki. Wakubwa walipiga makofi, wakampa cheti. Deni aliloingia kwa ajili yake hawakuligusa. Leo anauza soksi, na foleni zimerudi hadi barabarani. Mwenye kubuni abebe hasara, mwenye kuvuna asiulizwe: wimbo ni ule ule.

Tona hataki harambee. "Kila duka lilipie majibu yanayolitaja jina," anasema akirudisha mfuniko wa mashine. "Hayo tu. Salamu nitazilipia mimi, mzigo ukipungua nitazimudu. Mwakani nimtafutie mama kiwanja kingine, hata kiwe kidogo."

Kwa hiyo usikunje gazeti ukasema maskini. Nenda leo kwenye duka ulikoelekezwa na jibu lake. Muulize mwenye duka amemlipa Tona kiasi gani. Baki pale dirishani mpaka akujibu, na umwombe aliye nyuma yako kwenye foleni aulize hivyo hivyo.