Mkoba Mkubwa, Khanga Hamna

Naikumbuka siku moja, mwanangu, niliyosimama kwenye uchochoro wa Temeke nikitamani ardhi inimeze. Nilivaa jinzi ya kubana, koti la ofisini na raba nyeupe. Nyie leo mnatoka hivyo kila asubuhi na hakuna anayegeuka, lakini enzi zetu mtaa mzima ungekusindikiza kwa macho.

Nilikuwa nakwenda kuonana na mama wa mchumba wangu, Hamisi, kwa mara ya kwanza, na nilitaka anione wa kisasa. Kumbe alfajiri ile alikuwa amefiwa na dada yake, na simu za mkononi za kunijulisha hatukuwa nazo. Kukata kona, nikakuta turubai, na wanawake wamejaa majamvini, kila mmoja kajitanda khanga. Nikajua akiniona na suruali msibani, uchumba umekwisha. Nikageuka nirudi kituoni.

"We binti, unakwenda wapi?" Mama mmoja mwenye macho mekundu alikuwa akitoka uani.

"Shikamoo mama. Nilikuja kwa Hamisi, ila nguo zangu..."

"Marahaba. Mie ndiye mama yake. Marehemu haangalii suruali. Ungeondoka, hapo ndipo ningekukasirikia." Akavua khanga aliyojitanda, akanifunga kiunoni mwenyewe, huku akiutazama mkoba wangu. "Mkoba mkubwa hivi, khanga hamna. Sasa umebeba nini?"

Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ile ilinisitiri mpaka nikaolewa.

Miaka ikapita. Habari za kifo cha mama mkwe zilinikuta kazini Kinondoni, nimevaa koti na jinzi vilevile. Sikupitia nyumbani kubadilisha. Nilifungua mkoba, nikajifunga khanga yake ileile, ambayo sikuwahi kuitoa humo, nikaenda kumlilia.

Basi mwanangu, changanya upendavyo, koti na raba, shati la ofisini na jinzi, sikukatazi. Ila nikikuona unatoka na kimkoba kisichoingia hata leso, roho hunidunda, maana mji huu hauagi mtu asubuhi ukamwambia jioni atakuwa wapi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Weka khanga. Na siku ukiisahau, nenda hivyo hivyo, usigeuke kwa sababu ya nguo mlangoni kwa watu wanaokuhitaji.

Mungu akusitiri, na akupe mkwe kama wangu.