Nyumbu wa Polizelo

Deksitheo alikuwa mfuga nyuki wa mlimani Himeto, mwenye sauti ya kuita mbuzi walio bonde la pili. Nyuki wake walipomuuma nyumbu wa mizigo wa jirani yake Polizelo hadi akafa, alishtakiwa. Kwetu Athene mshtakiwa hujitetea mwenyewe, hata kama hajui kusema. Basi akaenda kwa mtunga hotuba mjini, akarudi na maneno ya kukariri.

Alikariri mizingani, akakariri kitandani. Mkewe, Kleito, akachoka.

"Baba Timandro, hata nyuki sasa wanaijua hiyo hotuba."

"Angalau wao wananisikiliza."

Siku ya kesi, mtungi wa maji unaopima muda ukafunguliwa. Deksitheo akasimama mbele ya waamuzi, akanguruma: "Enyi watu wa Athene, mimi ni mnyonge, sijazoea kusema mbele za watu." Njiwa wakaruka kutoka darini. Waamuzi wakacheka. Yeye akadhani wamempenda, akazidisha sauti. Alipofika pa kulia, alilia vizuri sana.

Polizelo alisema, "Nyumbu wangu amekufa," akaketi.

Deksitheo akashindwa. Akaamriwa kutoa nyumbu wake mwenyewe.

Kesho yake alimpeleka zizini kwa Polizelo. Polizelo akapokea kamba, akakohoa.

"Jirani, ile sehemu ya hotuba kuhusu mama yako mjane, hebu irudie."

"Unanikejeli?"

"Hapana. Jana nilificha uso, nisije nikalia nikaharibu kesi yangu."

"Mama si mjane. Mzee yupo, anapalilia mizabibu."

"Hata hivyo."

Deksitheo akairudia pale pale zizini. Polizelo alilia kwa raha zake, kisha akaleta jibini na zeituni, wakala.

Baadaye Polizelo alishtakiwa na kaka yake aliyetaka shamba lote la urithi. Mshtakiwa akishajitetea, sheria ilimruhusu rafiki kumwongezea maneno, hivyo Polizelo akamwendea Deksitheo.

"Ila usiseme wewe ni mnyonge."

"Sasa niseme nini?"

"Unachokijua."

Deksitheo akasema amemwona Polizelo akililima shamba lile miaka yote, na kaka mtu hajawahi kumwona huko hata wakati wa mavuno. Akaketi maji yakiwa bado tele mtungini. Wakashinda.

Kleito aliwapikia supu ya dengu. Wakaisimulia kesi upya kwa sauti, kila mmoja akimrekebisha mwenzake, mpaka akawaomba wakaongelee nje. Wakabeba mabakuli, wakatoka.