Trela la Mukashema na Ng'ombe wa Mahari

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale ina madereva wengi, na wanaojisifu ni wengi zaidi, lakini ukitaka ng'ombe wako afike mzima utamtafuta Mukashema. Ni mjane wa Kivu Kusini aliyejifunzia gari Ruti, mtaa wa mji wa Mbarara, baada ya kumzika mumewe, na huko huko fundi akamuungia trela la kuvuta nyuma ya pikapu yake. Amesomba mahindi, mifugo na vitanda vya maharusi. Mwendo wake ni uleule siku zote, na anayeudhika hushuka akatembea.

Safari hii mzigo ulikuwa wake mwenyewe. Mwanawe Natanaeli alikuwa anamwoa Uwitonze, na baba wa binti, mzee Kabanda, alikuwa amepata nafasi ya kuhamia ng'ambo. Basi la kumchukua lingeondoka Base Camp, hapo hapo kambini, kesho yake alfajiri. Asipoipokea mahari siku hiyo, hakuna mwingine wa kuipokea, na ndoa ingebaki inaning'inia.

Waliondoka asubuhi Bwizibwera, walikochukua ng'ombe wawili wa mahari. Ng'ombe mmoja, mwenye mimba, alikuwa kwenye trela la Mukashema. Wa pili alikuwa kwenye trela la Valentin, dereva aliyekodiwa na Mutabazi, shemeji yake Mukashema. Valentin alikanyaga mafuta mara tu alipoiona lami. Mutabazi, aliyeketi kando ya Mukashema, alimtazama akipotea mbele, na subira ikamwisha.

"Shemeji, ongeza kidogo. Batu banatungojea."

"Hii ngombe iko na mimba," Mukashema akamjibu. "Haiko gunia ya mihogo. Na trela ikianza kuyumba, wewe ndiye utaishika?"

Kwani mbio zinaokoa nini? Mukashema amevuta mizigo miaka mingi, na jibu analijua. Unachokipata kwenye lami huliwa na milima, na foleni ya Mbarara, na mifugo ya watu inayovuka barabara bila salamu. Kinachobaki ni kidogo, nacho utakimalizia kando ya njia ukikaza kamba. Methali ya haraka na baraka kila mtu anaijua, na kila mtu huisahau akishika usukani.

Lakini msidhani hakuogopa. Alimwaza mwanawe, akaliwaza lile basi, na zaidi ya mara moja mguu wake ulitaka kukanyaga. Akauzuia. Kukimbia ukiwa na hofu ni rahisi. Kwenda taratibu nayo tumboni ndiko kugumu, na kwa hilo mimi humvulia kofia.

Walipoingia kwa Kabanda, Valentin alikuwa ameshafika. Alikuwa anakunywa chai, na chai yenyewe ilikuwa bado ya moto. Mutabazi akafungua kinywa aseme lake, kisha akaona yaliyokuwa uani.

Ng'ombe wa Valentin alisimama akitetemeka, povu mdomoni, hataki maji wala majani. Mzee Kabanda alikuwa ameketi mbele yake, fimbo magotini. Katika ukoo wake ng'ombe wa mahari hapokelewi mpaka acheue, na akicheua hata mmoja, mahari yote imepokelewa. Mnyama mwenye woga hacheui, na asiyecheua huhesabiwa kuwa bado yuko njiani.

Mukashema akafungua trela. Ng'ombe wake akateremka mwenyewe, akanywa maji, akala kidogo, akazunguka, akalala chini. Natanaeli, aliyekuwa akingoja hapo uani, hakuthubutu hata kukohoa. Baada ya kitambo taya la ng'ombe likaanza kusaga, taratibu, upande huu na upande ule.

Kabanda akainuka, akampapasa shingo.

"Anaitwa nani?"

"Gaju," Mukashema akasema.

"Gaju. Nimemupokea."

Vigelegele vikapigwa, lakini mzee hakuondoa mkono wake.

"Kule naenda hakuna fasi ya ngombe, Mama Natanaeli. Gaju abaki kwako." Akamtazama Uwitonze aliyesimama mlangoni. "Na mutoto wangu pia."