Siku Mama Stoo Alipokaa Kimya

Mama mkubwa wangu, dada yake mama, alifanya kazi miaka ishirini na sita katika duka la vipuri vya magari, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuuza kitu ambacho hakukishika kwanza kwa mkono wake. Watu walimwita Mama Stoo. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Ukifika kaunta kutaka kifaa, hakuulizi gari lako ni la aina gani wala la mwaka gani. Anakuuliza, "Cha zamani kiko wapi?" Kama hukuja na kile kilichoharibika, rudi ukakilete. Mafundi walinung'unika, na wengine walimtania kwamba ipo siku atamwambia mtu ang'oe injini aje nayo mgongoni. "Aje nayo," alikuwa akijibu, "nitaipima." Anakipokea kifaa na grisi yake yote, anakigeuza, anakipima kwa vidole, halafu anapotelea kati ya zile rafu ndefu za chuma. Akitoka, ametoka na kile kile. Sisemi hivi kwa kuwa ni ndugu yangu. Kukosea tulikuwa tunakosea sisi wengine, mimi nikiwa wa kwanza.

Mimi kazi pale nilipata kwa mgongo wake. Nilikuwa nimesomea kompyuta, nikakaa nyumbani kwake mwaka mzima nakula na kulala, mpaka alipokwenda kuniombea kwa Bosi. "Mwanangu huyu kichwa chake chepesi," alimwambia. Bosi hakuwa na kompyuta hata moja. Alinipa kalamu na daftari niwe naandika maboksi yanayoingia. Laiti ingebaki hivyo.

Likafunguliwa duka ng'ambo ya barabara. Halikuwa na kaunta wala benchi la wateja, mlango tu na pikipiki nne mbele yake. Fundi anachagua kifaa kwenye simu akiwa amelala chini ya gari, na nusu saa baadaye kimemfikia. Mafundi wetu wakaanza kupungua. Hawakugombana nasi wala hawakuaga. Tulikuwa tunawaona tu dirishani wakipungiana mikono na waendesha pikipiki wa kule.

Bosi alilirithi duka lile kutoka kwa baba yake. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitia hasira, maana angekuwa mbaya ningejua namna ya kumchukia. Alikonda kwa muda wa miezi miwili. Asubuhi moja akatukusanya katikati ya maboksi, mkono mmoja mfukoni, akizungumza haraka kama mtu aliyekariri.

"Tukiendelea hivi tutafunga," alisema. "Kaunta inaondoka. Tutauza kwa simu kama wenzetu, tena tutawazidi, kwa sababu sisi tuna vitu ambavyo wao hawana. Kila kilichomo stoo kiingie kwenye kompyuta. Na kila kilichomo kichwani mwa Mama Stoo kiingie pia."

"Na mimi je?" aliuliza mama mkubwa.

"Wewe ndiye tegemeo letu, mama."

"Vikishaingia vyote, je?"

Bosi alitazama saa. "Hapo tutaangalia," alisema.

Nilimwona mama mkubwa akishika ukingo wa rafu. Mwanamke yule alimzika mumewe bila kushikilia kitu. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Shule aliiacha darasa la saba. Nje ya stoo ile hakukuwa na mlango wowote ambao angebisha akafunguliwa, naye alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Na nani aliyepewa kazi ya kumhamisha kichwani na kumtia kwenye mashine? Ni mimi, mwana wa mdogo wake.

Tulianza na beringi. Yeye anashika, anasema, mimi naandika. Hii inaingia kwenye gari fulani na pia kwenye lile jingine ingawa kitabu hakisemi. Hii msiwape watu wa malori, haidumu. Gasketi hizi zinafanana lakini ya chini ina tundu moja zaidi, litazame. Wiki ya kwanza alikuwa akisema kwa fahari, hata akinichekesha. Wiki ya tatu sauti ilishuka. Wiki ya tano kila akimaliza rafu aliifuta vumbi kwa kitambaa, akasimama mbele yake kidogo, na mimi nikajifanya nasoma.

Nyumbani tukiosha vyombo aliniuliza swali lile lile. "Rafu zimebaki ngapi?"

"Bado nyingi, mama."

"Ngapi?"

"Kumi."

Zilikuwa nne. Nilikuwa namdanganya kwa sababu niliogopa uso wake, na yeye aliniacha nidanganye kwa sababu aliogopa idadi. Chakula akawa anakizungusha tu kwenye sahani. Alipungua mpaka gauni la kazini likambwaya mabegani.

Tulipofika rafu ya breki, ya mwisho kabisa, hakushika kitu. Alikaa kwenye kigoda chake akasema, "Hizo andika kama boksi linavyosema."

Wiki sita nzima hakuwahi kutamka maneno hayo. Alikuwa akisema maboksi ni waongo. Nilisikia, nikajua kuna jambo, kisha nikaandika kama boksi linavyosema. Nilikuwa nimechoka, na ukweli wenyewe, nilitaka iishe.

Kaunta ilivunjwa Jumatatu. Mahali pake paliwekwa meza ya kufungia mizigo, kompyuta yangu, na mwendesha pikipiki, mwanamume mzima mwenye watoto watatu tuliyempa jina la Upepo. Oda zilianza kuingia, moja moja, kisha nyingi. Kwenye kompyuta inatokea namba ya rafu, nafuata boksi, nalifunga, Upepo anaondoka nalo. Hakuna aliyeuliza cha zamani kiko wapi. Bosi alianza kutabasamu tena. Mama mkubwa alikaa kwenye kigoda chake mikono mapajani, na kila kengele ya oda ilipolia alishtuka.

Ijumaa ya wiki ya pili, saa nane mchana, iliingia oda ya paipu ya breki, ule mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele. Ndefu, moja. Ilitoka gereji ya upande wa pili wa mji, na walikuwa wameandika ni kwa ajili ya gari la kinu cha unga. Dereva wa gari hilo tulimjua sote. Miaka nenda rudi alikuwa akija kaunta na kumwita mama mkubwa mchumba, akimuuliza lini atakubali, naye akimjibu akaoge kwanza unga umtoke kichwani.

Nilikwenda rafu ya breki nikachukua boksi lililoandikwa ndefu. Nilipita nalo mbele yake. Alilitazama. Akasimama, akafungua mdomo, akakaa. Nikadhani ni miguu inamsumbua.

Ilipita saa nzima. Nilikuwa nafunga mzigo mwingine niliposikia mtu anapumua nyuma yangu. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Lile boksi lilikuwa la nani?" aliuliza.

"La gari la unga. Kwani vipi?"

"Mwanangu, mle ndani mna fupi."

"Fupi vipi? Boksi limeandikwa ndefu."

"Mzigo wote ule ulikuja hivyo, miaka tisa sasa. Kiwandani walizigeuza. Kwenye maboksi ya ndefu wakatia fupi, ya fupi wakatia ndefu. Mimi nilikuwa natoa kwa kupima, sikuhangaika na maandishi." "Nilikuficha makusudi."

"Makusudi?"

"Nilitaka irudi! Fundi aione haifai, airudishe, Bosi ajue kwamba bila mimi hawawezi. Nilijibakizia kitu kimoja tu, mwanangu. Kimoja. Na kumbe oda ya kwanza kuja ni ya mtu ninayemjua." "Imepungua vidole vitatu. Gari likiwa limenyooka, inafika. Atakapokata kona kali, itavutika mpaka ikatike."

Njia ya kwenda kinuni inashuka mlima kwa kona saba. Sikuhitaji kuambiwa hilo.

Nilipiga simu gereji, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ya dereva hatukuwa nayo. Miaka yote ya uchumba wao na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika namba ya mwenzake. Upepo ndiyo kwanza alikuwa anarudi, hajavua hata kofia. Tulipanda nyuma yake wawili, mama mkubwa katikati, kanga ikipeperuka, na mtu aliyemwona hivyo bila shaka alicheka. Mimi nilikuwa nimemkumbatia kiunoni. Njia nzima alikuwa akisema jambo moja tu, "Nimeua mtu. Nimeua mtu."

Gereji walikuwa wanachomelea chuma, simu iko kwenye sanduku la vifaa. Fundi alizima mashine yake taratibu.

"Gari la unga? Nimeshalifunga. Ametoka robo saa hii."

"Hukulinganisha na ya zamani?" mama mkubwa alimpigia kelele.

"Ya zamani nimetupa. Siku hizi si hamtaki kuiona?" Akapangusa mikono. "Ilinibana kidogo, lakini ilifika."

Upepo alikuwa amekwisha kugeuza pikipiki.

Kile kipande cha njia mpaka mwanzo wa mlima sikikumbuki vizuri. Nakumbuka nilikuwa natazama kila gari jeupe, rangi ya gari la unga, lililo mbele nikiomba liwe lake, halafu naomba lisiwe lake, kwa sababu lilikuwa likienda kasi. Nakumbuka harufu ya breki za lori moja, nikadhani tayari. Nilimkasirikia mama mkubwa kwa hasira ya kutisha, nikaona aibu, nikamkasirikia tena.

Tulimkuta kituo cha mafuta, cha mwisho kabla ya kuanza kushuka. Alikuwa kwenye foleni, ameweka mkono dirishani, anakula karanga. Wa tatu kutoka mbele.

"Mchumba!" alipaza sauti alipotuona. "Leo umeamua kunifuata mwenyewe!"

Mama mkubwa hakumsalimia. Alishuka akijikwaa, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya kituo iliyojaa mafuta, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu la mbele. Ulipotoka ulikuwa umelowa mafuta ya breki mpaka kwenye kifundo. Tone lilianguka, likafuata jingine. Dereva aliinama kutazama, karanga bado ziko mdomoni, na nilimwona anaelewa. Rangi ilimpotea. Alizima gari, akatoa ufunguo, akashuka, akaketi chini kando ya gurudumu.

"Mimi ndiye niliyefanya," mama mkubwa alimwambia. "Si kosa la fundi. Si la mtoto huyu. Nilijua, nikanyamaza."

Dereva aliinua uso. "Kwa nini?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakumwita mchumba.

Kwa Bosi alikwenda kusema mwenyewe, jioni ile ile, kabla hata ya kunawa mikono. Alisimama mbele ya meza ya kufungia mizigo akasema yote, bila kujitetea. Nilitegemea Bosi apige kelele. Hakupiga. Alikuwa na hofu kuliko sisi. Alikuwa anaona jina la baba yake likichafuka, na kuhesabu maboksi mangapi yamekwisha kutoka mlangoni kwa wiki mbili bila mtu kuyafungua.

"Yako mengine?" aliuliza.

Nikafumba macho. Angesema hakuna, nani angemwamini? Na angesema yapo, angebakiwa na nini?

"Yapo," alisema. "Mengine hayana hatari, ni usumbufu tu. Lakini yapo. Sikudhani ni kuficha, nilikuwa sijaulizwa." Akanigeukia. "Andika."

Nikakaa kwenye kompyuta. Akayataja moja baada ya jingine, polepole, akihesabu kwa vidole vilivyokuwa bado vina mafuta ya breki. Plagi zinazofanana. Klachi iliyotengenezwa upya ikarudishwa kwenye boksi jipya. Belti zilizokaa karibu na dirisha zikakauka. Yalikuwa kumi na moja. Kila alipolitaja moja na mimi nikaliandika, alivuta pumzi kama mtu anayetua mzigo, na kila alipotua niliona anazidi kuwa mdogo mbele yangu.

"Basi," alisema mwishoni. "Sasa sina kitu."

Akaenda kunawa. Tulisikia maji yakimwagika kule nyuma, kwa muda mrefu, maana mafuta yale hayatoki upesi. Bosi alikuwa amesimama dirishani, anatazama pikipiki za ng'ambo. Hakugeuka aliponiuliza.

"Yameingia yote?"

Yalikuwa yameingia. La kumi na moja nilikuwa nimekwisha kulihifadhi, lilikuwa mbele ya macho yangu, limekamilika, halikosi hata nukta. Niliiinamisha kompyuta kidogo, nikasikia sauti yangu ikitoka nyembamba.

"Bado, Bosi," nilisema. "Yamebaki mengi. Itabidi awepo."