Fahali wa Misa ya Renatha

Byabato alikuwa akichanja ng'ombe wa nyama huko Kagoma, na kila zizi alilofika aliulizwa swali lile lile: "Ng'ombe wangu anaumwa nini?" Alijibu kwa upole kwamba haumwi, chanjo hiyo ya majaribio inapunguza vijidudu vya tumboni ambavyo havimdhuru ng'ombe, bali mla nyama.

"Achomwe ng'ombe, nipone mimi!" walicheka.

Yeye hakucheka. Mwaka jana binti yake, Renatha, alikula nyama mbichimbichi harusini Bilele, akaharisha damu. Siku ya tisa Mungu akamchukua.

Misa ya kumwombea ilikuwa ifanyike Desemba, na fahali wa Byabato ndiye angechinjwa. Kwa hiyo Jumatatu moja ya Oktoba alimchoma sindano ya mwisho bila wasiwasi. Sharti lilikuwa nyama isiliwe kwa siku ishirini na moja. Jumatano padri akapata uhamisho. Misa ikawahishwa, ikawa Jumamosi hiyo hiyo.

Ijumaa kaka yake, Rugaibula, alikuja na kamba.

"Kaka, huyu haliwi. Bado siku kumi na saba."

"Watu mia mbili wanakuja, waitu! Wale ndizi za ebitoke na maharage kama wako gerezani?"

"Watakula hivyo hivyo."

"Ng'oa hiyo hereni sikioni. Nani atajua?"

Byabato aliitazama ile hereni ya njano ya waliochanjwa. Wiki iliyopita mjane Kokugonza alimwomba hivyo hivyo ili auze ng'ombe wake. Alimkatalia, na mama wa watu akalia.

"Nitajua mimi," alisema. "Na Renatha."

Rugaibula akaikunja kamba yake, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi watu walisali, wakala ebitoke na maharage, huku fahali akilia nyuma ya nyumba. Byabato alikuwa akipitisha maji ya kunawa aliposikia mtu akinong'ona, "Mwenyewe haigusi nyama yake. Hiyo dawa ni sumu." Aliliweka birika chini. Angechinja, angewadanganya. Hakuchinja, na sasa nani angemwamini?

Jumatatu alibeba sanduku lake la barafu hadi kwa Mwijage, mfugaji aliyekuwepo misani, akamchanjie ng'ombe. Miti ya lango la zizi ilikuwa imepachikwa yote, hakuna pa kupita. Mwijage alikuwa ndani, amempa mgongo.

"Hodi, Mwijage."

Mwijage akawaswaga ng'ombe wake mbali na lango.

Byabato aliliweka sanduku kivulini, chanjo isiharibike, akafanya ishara ya msalaba, akabisha tena.