Kutuma Bado

Vidole hakuamini kitu cha bure. Ukimpa pipi, ataigeuzageuza kwanza aone kama kuna mtu alishaifungua. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Vidole kwa sababu alichapa kwa vidole vyote kumi bila kuangalia kibodi, na macho yake muda huo yako kwako, yanakupima. Steshenari yake ilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli: meza mbili, mashine ya fotokopi inayokohoa, printa, stuli ya mteja, na pazia alilolitundika mwenyewe ili anayesubiri asisome karatasi ya mwenzake.

Waliomcheka hawakujua alikotoka. Alipokuwa na miaka ishirini na mbili aliajiriwa kuchapa barua kwenye ofisi moja ya mizigo. Siku moja akapewa orodha ya watu kumi na wanane wanaopunguzwa kazini. Akaichapa, akaifunga kwenye bahasha, akampelekea meneja mkononi. Kesho yake saa tatu asubuhi orodha ilikuwa imebandikwa mlango wa choo. Nani kaitoa? Si mchapaji, nani mwingine. Hakuulizwa hata swali moja. Jina lake likaongezwa chini kwa kalamu, la kumi na tisa. Meneja na domo lake, aliyelala na orodha ile usiku mzima, hakuna aliyemgusa. Tangu hapo Vidole akajiwekea sheria: palipo na moshi, yeye ndiye atakayepiga kelele wa kwanza. Kusubiri kunyooshewa kidole ni ujinga.

Sasa, mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma ya soko alimpa kazi ya kuchapa mitihani ya majaribio ya darasa la mwisho. Masomo saba. Mchapaji wa mwaka uliopita aliipoteza kazi hiyo baada ya karatasi kuvuja, watoto wakaingia chumba cha mtihani na majibu kwenye soksi. Mwalimu mkuu alikuwa mzee mwembamba wa sauti ndogo, na kwa sauti hiyohiyo ndogo akamweleza kwamba safari hii zikivuja haitaishia kwenye kunyang'anywa kazi, kituo cha polisi kipo na kinajulikana. Zisipovuja, kazi za shule ni zake kila muhula. Vidole alikuwa ameiwinda kazi hiyo miaka minne.

Na kompyuta ikachagua wiki hiyohiyo kufa. Flashi za wateja zilikuwa zimeijaza virusi mpaka kooni. Ukiiwasha inazungusha kiduara, inazungusha, halafu inazima kama mtu aliyeghairi safari.

Ndipo akaja shemeji yake, mdogo wa mume wake. Kazi yake ilikuwa ufundi wa mafriji, lakini ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Miaka saba alikuwa anajenga mfumo wake mwenyewe wa kuendesha kompyuta, kuanzia tofali la kwanza, yeye na jamaa wawili wa nchi za mbali ambao hajawahi kuwaona sura. Hauna kampuni, hauuzwi, hakuna anayelipwa. Aliuita Kibatari, kwa kuwa unawaka hata kwenye mashine kuukuu. Yeye mwenyewe mtaani walimwita Bado. Kibatari kinapiga muziki? Bado. Kinafungua video? Bado. Kinatoa picha za rangi? Bado. Mama yake alipomuuliza ataoa lini, akapata jibu lilelile.

Vidole alikubali kwa kuwa maji yalimfika shingoni. Akasimama nyuma yake, mikono kiunoni, akahesabu kila kitufe alichobonyeza. Baada ya robo saa skrini ikaonyesha picha ya kibatari na mwali mdogo, na mashine iliyokufa ikawa hai.

Shida ikaanzia hapo, kwa sababu Kibatari kilikuwa kizuri. Si kwamba hakikuwa na vituko. Aina za herufi zilikuwa mbili tu, nyembamba na nene. Printa lazima uichomeke kabla ya kuwasha, ukisahau mfumo mzima unaanguka. Jedwali ukilichora linapinda kulia kama ukuta wa fundi mlevi. Na mara mbili tatu kwa siku kiliandika “Samahani, nimejikwaa” kikazima. Lakini kikirudi, kila neno lako lipo, mpaka herufi ya mwisho. Kinawaka kabla hujavuta kiti ukakaa. Virusi vya flashi vikifika vinashangaa kama wageni waliokosea nyumba.

Kitu kizuri, cha bure, kilichojengwa na fundi friji. Thubutu. Vidole akaanza kunusa.

Kwanza, shemeji alipita kila jioni akitoka kazini, anachomeka flashi yake, anahesabu mpaka kumi, anachomoa, anaweka mfukoni. Alipobanwa akasema anachukua daftari la kujikwaa, yaani kumbukumbu ya kila mahali Kibatari kilipoanguka, ili yeye na wenzake warekebishe. Pili, kila akija aliuliza, “Shem, umefika somo la ngapi?” Ya nini? Akasema anataka kujua mfumo unabeba mzigo kiasi gani. Mtu wa mzigo anauliza kilo, haulizi masomo. Tatu, alikuwa na viatu vipya.

Vidole alimpigia mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa safarini. Mume akacheka, akasema mdogo wake hana ubavu wa kuiba hata usingizi. Vidole akakata simu. Ndugu humtetea ndugu hata mkono ukiwa ndani ya chungu.

Jumatano saa nane mchana alikuwa amemaliza masomo sita. Akachukua kitambaa afute vumbi kwenye skrini. Kule chini pembeni, penye kitu alichokuwa anadhani ni uchafu wa nzi, akakuta maandishi madogo. Akafuta. Hayakutoka. Akasogeza uso.

Kutuma bado.

Maneno mawili. Kuna kitu kinatumwa na hakijaisha. Kinatumwa tangu lini? Kwa nani? Akawakumbuka wale jamaa wawili wasio na sura. Masomo sita yote yamo humo ndani. Akauvuta waya ukutani mpaka soketi ikatoa cheche, na kinyozi akauliza kutoka upande wa pili kama umeme umekatika.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Angechapa la saba, akakabidhi, akaomba Mungu. Lakini benchi la kungoja kunyooshewa kidole alishalikalia, kule ofisi ya mizigo. Akafunga mlango, akapeleka miguu shuleni.

Mwalimu mkuu alikuwa anasahihisha madaftari. Vidole hakukaa.

“Mwalimu, nadhani mitihani yako imevuja. Na imevujia kwangu.”

Mzee akaweka kalamu chini. Akamuuliza kama anajua anachokisema. Anajua. Kama anajua kitakachofuata. Hilo pia analijua. Mzee akachukua koti, akatangulia mbele kuelekea steshenari. Vidole akampigia shemeji: njoo steshenari sasa hivi, usiulize.

Shemeji akaja mbio na spana mfuko wa nyuma, akidhani mashine imeungua. Alipomkuta mwalimu mkuu amekalia stuli ya mteja, akasimama wima kama mwanafunzi, kwa sababu mzee huyo ndiye aliyemfundisha kusoma. Vidole akawasha mashine, akagusa pembe ya skrini kwa ukucha.

“Soma.”

“Kutuma bado.”

“Inamtumia nani?”

“Haimtumii mtu. Kutuma bado, shem. Sijaijenga sehemu ya kutuma.”

“Usinichezee akili. Fundi cherehani akikwambia nguo bado, nguo iko kwenye mashine, inashonwa.”

“Fundi cherehani akikwambia nguo bado, hata kitambaa hajakikata. Wewe umeishi wapi?”

Mwalimu mkuu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Akasema anataka kuona, maneno yametosha. Shemeji akafungua sanduku la kompyuta, akaonyesha kwamba hakuna waya unaotoka nje wala kifaa cha kunasa mtandao. Friji bila bomba, akasema, gesi itapita wapi. Akabonyeza picha ya bahasha. Kibatari kikaandika: Njia hakuna. Akabonyeza tena. Njia hakuna.

Vidole akaanza kupumua. Aibu nayo ilikuwa inapanda, ya moto, kutoka shingoni. Lakini mzee alikuwa ametumia miaka mingi kutafuta majibu ndani ya soksi za watoto.

“Na hiyo flashi ya kila jioni?”

Shemeji akaitoa bila wasiwasi, akaichomeka, akafungua daftari la kujikwaa. Tarehe. Saa. Printa imechelewa kuchomekwa. Chini yake: Maneno ya mwisho kabla ya kujikwaa. Na chini ya hapo, lote, na majibu yake manne ya kuchagua, swali la saba la Sayansi.

Akashuka chini. Swali la ishirini na mbili la Hisabati. Akashuka. Jiografia. Yalikuwa tisa.

Ile sifa ya kutopoteza hata herufi, kumbe ndiyo hii. Kibatari kinaokoa maneno yako kwa kuyaandika kando, na kikianguka kinayaweka daftarini ili fundi aone kilikuwa kinafanya nini. Miaka saba waliokijaribu ni shemeji na wale jamaa wawili tu, na alichokuwa anaandika yeye ni “aaa” na “bbb” na jina la mama yake. Haikuwahi kumpitia kichwani kwamba siku moja maneno yatakuwa ya mtu.

Vidole alikuwa na matusi matano yamepanga foleni. Hakutoa hata moja. Akauliza taratibu.

“Umewatumia wenzako?”

“Bado.”

“Bado ipi?” Mwalimu mkuu akauliza.

“Bado ya sijagusa, Mwalimu. Huwa nakusanya ya wiki nzima, natuma Jumapili. Yako hapa tu.”

Kweli au uongo, nani angejua? Vidole alimkazia macho mpaka jamaa akaangalia chini, na mtu akiangalia chini inaweza kuwa hatia, inaweza kuwa ni viatu vinabana. Mzee hakusumbuka na macho ya mtu. Akatoa kalamu, akaomba karatasi, akaanza kutunga maswali tisa mapya palepale, goti likiwa meza. Vidole akachapa mbele yake. Shemeji akaamriwa aende duka la vipuri akaazime nyundo, na flashi ikapondwa kizingitini hadi ikawa unga. Kinyozi alitoa kichwa, akaona, akakirudisha.

Walipomaliza Vidole akauliza lile lililomkaba: kazi ni yake au si yake? Mzee akavaa koti.

“Yule wa mwaka jana alijua siku mbili kabla. Alisubiri aulizwe,” akasema. “Ya kazi tutajua watoto wakishafanya.”

Akaenda zake. Shemeji akabaki anakusanya vipande.

“Umeniita mwizi mbele ya mwalimu wangu.”

“Nimeuliza.”

“Kuuliza gani kule, shem? Umeuliza kama askari.”

“Na ningekusubiri Jumapili?”

Shemeji akatia vipande mfukoni. Akaondoka hajaaga, na Vidole hakumwita, kwa sababu samahani yake ingekuwa nusu tu, na nusu samahani ni dharau. Alikuwa amekosea kuhusu maneno mawili, amepatia kuhusu flashi. Mtu wa hivyo anaomba radhi kwa upande upi?

Somo la saba alilichapa kesho yake, mzee akiwa kwenye stuli. Siku ya tatu shemeji akarudi na flashi nyingine, uso umekunjwa kama nguo ya mvua. Pale pembeni sasa paliandikwa: Kutuma hakuna. Daftari la kujikwaa akasema limefungwa mdomo. Vidole akamwambia akae. Akataka aonyeshwe ule utumbo wa ndani, mstari kwa mstari, na kila mstari aelezwe unafanya nini. Nusu aliielewa. Nusu asiyoielewa alimrudisha, tena, na tena, mpaka jamaa akawa anajibu huku amebana meno. Halafu akaandika neno moja, nakuona, akachomeka printa makusudi kwa kuchelewa. Kibatari kikaanguka, kikaomba samahani. Akafungua daftari. Palikuwa na nukta saba, basi. Akazihesabu kwa ukucha, akahesabu na herufi.

“Jumapili unaweza kutuma hizo,” akamwambia. “Nikiwa nimekaa hapo pembeni.”

Siku ya mtihani wa Sayansi hakufungua steshenari. Alikwenda akasimama kwenye uzio wa shule, mkabala na dirisha la darasa. Mwalimu mkuu alimwona, akamwacha. Vidole alipitia sura moja moja. Wanatafuna kalamu. Wanakuna vichwa. Mmoja anatazama dari kama jibu limeandikwa kule. Vizuri. Teseka, mwanangu, teseka.

Dakika ya ishirini binti mmoja mrefu akainuka mstari wa nyuma, akakabidhi karatasi ya majibu, akatoka nje anatembea kwa raha zake.

Vidole akashika waya wa uzio. Dakika ishirini, maswali hamsini. Akamwona mwalimu mkuu anaichukua ile karatasi kwa msimamizi, anaigeuza, anaigeuza tena, anakuja nayo kwenye uzio polepole, na kila hatua Vidole alikuwa anachagua maneno ya kusema polisi.

Mzee akainyoosha mbele yake. Jibu hakuna hata moja, mbele wala nyuma.

“Kaandika jina tu,” akasema. “Na jina kalipatia, tushukuru.” Akaikunja karatasi. “Muhula ujao ni madarasa matatu. Uje Jumatatu uchukue rasimu.”

Vidole akamshukuru, akamshukuru tena. Halafu akawaza kwamba aliyekariri maswali yaliyofutwa naye angeacha karatasi tupu, akauliza yule binti anakaa mtaa gani, na kama kuna fundi friji anayepita kwao.