Anaijua Dakika, Siku Haijui

Saa kumi na mbili asubuhi, Hombo. Ukungu umelalia daraja, na malori yaliyolala kando ya barabara ya Bukavu–Kisangani yanaanza kukohoa moja moja. Ndani ya kibanda cha mbao, mama mfupi aliyejifunga kitenge juu ya sweta anabonyeza swichi ya kompyuta kuukuu isiyo na kioo. Kisha anageuka upesi na kwenda kusimama mlangoni.

Hafagii wala habandiki chai. Anaangalia barabara, anamkazia macho kila anayeshuka kwenye lori kunyoosha miguu, na midomo yake inahesabu. Ikifika dakika ya kumi na saba anaacha hata kupepesa. Ikifika ya ishirini na moja anashusha mabega.

"Leo pia hapana," anasema, na ndipo anapoutafuta ufagio.

Jina lake ni Kavugho Léontine, umri miaka arobaini na sita. Hombo nzima inamwita Mama Kétsia, kwa jina la mtoto wake wa pekee, na jina hilo linamchoma. Lakini ole wake atakayethubutu kumwita vingine kwa kumhurumia.

"Mimi niko Mama Kétsia," anafoka. "Hata kama Kétsia haiko hapa, mama yake iko."

Kétsia ana miaka ishirini sasa, kama yu hai. Mama yake hajamwona wala kusikia sauti yake tangu Januari 2023, vita vilipofika Kitshanga. Mwaka na miezi mitatu. Anachokisubiri kila alfajiri ni simu ya binti huyo. Hasubiri ilie, anasubiri ipite tu karibu na kibanda chake, maana imekwisha kupita mara moja naye hakuiona.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu bila kuielewa kazi huwezi kuuelewa msiba.

Mama Kétsia anauza intaneti. Kibanda chake kimeegemea duka la mdogo wake Jules, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza chumvi, misumari na vitenge. Juu ya bati kuna antena ya setilaiti. Mteja anatoa faranga mia tano, anapewa tiketi ya nusu saa. Siku njema hutoka tiketi hamsini. Barabara ikikatwa, kumi hazifiki.

Laini ni nyembamba mno. Simu arobaini zikiingia pamoja, kila moja ikivuta video na programu mpya, mama wa watu anayetaka kupeleka ujumbe wa sauti kwa mumewe Kisangani atakaa hapo mpaka tiketi iishe. Kwa hiyo kati ya antena na wateja lazima iwepo mashine ya kuchuja: hiki kipite, kile kibaki nje, huyu amelipa, yule bado. Wenye kazi wanaiita pare-feu. Mama Kétsia aliijenga yake kwa mikono.

Jules alitaka kumletea kutoka Bukavu mashine mpya, ndogo kama kitabu cha sala, yenye antena tatu. Dada mtu akakataa katakata. Njiani kuna vizuizi tele, na wenye bunduki hawajui hiyo ni kitu gani. Wanachokijua ni redio ya adui.

"Kitu kidogo, cheusi, kiko na antena? Utalala siku mbili chini ya miti unajieleza," anasema. "Mashini yangu inapaswa kufanana na takataka."

Ndivyo alivyochagua: si kwa kasi, ni kwa ubaya wa sura. Katika ofisi ya mbao iliyofungwa alikuta kompyuta ya mezani ambayo kuku walikuwa wakitagia juu yake. Akaisafisha. Mlango wa mtandao uliokuja nayo ulikuwa umeunguzwa na radi, lakini hilo halikumtisha, kwani alikuwa na kadi mbili za mtandao alizotoka nazo Kitshanga. Kadi moja kwa ajili ya setilaiti, nyingine kwa ajili ya wateja.

Ikawaka, ikachuja vizuri dakika ishirini, halafu upande wa wateja ukanyamaza. Akabadilisha waya, wapi! Akabadilishana kadi mahali, hii ikakaa pale pa ile, na bado ni nafasi ile ile iliyonyamaza.

"Nikaelewa," anaeleza, na kwa mara ya kwanza macho yake yanacheka. "Mugonjwa haiko kadi. Kitanda njo kiko na ugonjwa."

Unyevu wa msitu ulikuwa umeotesha kutu ya kijani ndani ya nafasi ile. Meno ya kadi aliyasugua kwa gomu ya mwanafunzi ya kufutia penseli, nafasi yenyewe kwa mswaki mkavu. Ikapona. Baada ya wiki ikaanza kuzimia kila jua la saa sita. Akafungua kisanduku cha umeme na kukuta vikopo viwili vya kuhifadhi umeme vimevimba tumbo. Akang'oa vingine kwenye amplifaya mbovu ya wanakwaya, akavichomelea. Tangu siku hiyo haikuzimia tena.

Fundi wa namna hiyo, jamani, utadhani hakuna mashine ya kumshinda.

Sasa Kitshanga. Kule pia alikuwa na kibanda, Cyber Tumaini, na Kétsia ndiye aliyekaa kaunta. Asubuhi ile risasi zilipokaribia, mama alipata pikipiki moja tu. Akampandisha binti na mabegi mawili, akamwambia tangulia Sake, mimi ninafuata. Yeye akarudi ndani kufungua skrubu, atoe diski na kadi mbili, kwa kuwa ndizo zilizokuwa ugali wao.

"Dakika kumi," anasema. "Nilimwambia dakika kumi."

Alipotoka, barabara ya Sake ilikuwa imefurika. Watu walisema pikipiki zimerudishwa, zimegeukia Mweso. Mbele ya Mushaki vijana wenye silaha wakamnyang'anya simu, na namba yake ikaenda nayo. Diski na kadi alizifunga tumboni ndani ya kitenge, wakadhani ni mjamzito. Alifika Sake na vyuma vyake. Kétsia hakuwepo. Hakuwepo Goma, wala katika kambi yoyote ambayo mama aliizunguka kwa miguu. Namba ya binti haijapatikana tangu wiki ile.

"Vyuma nilifika nayo," anasema polepole. "Mutoto, hapana."

Jules akamwita Hombo. Mama alipokwisha kuijenga mashine, aliweka ndani diski ya zamani, na mtandao akauacha na jina lile lile: Cyber Tumaini. Alikuwa na sababu. Simu hukumbuka mtandao iliowahi kuingia. Ikipita karibu, inaingia yenyewe, hata mwenyewe akiwa ameiweka mfukoni. Na ile diski iliijua simu ya Kétsia. Kila simu ina namba yake ya kiwandani, na ya binti ilikwisha kuandikwa humo kwa jina: KETSIA. Malori ya mashariki na magharibi yote husimama Hombo. Mama akajiambia, siku moja atapita.

Kila jioni, akifunga hesabu, aliiamuru mashine imwonyeshe simu zilizoingia siku ile. Kila jioni KETSIA hayumo.

Januari mwaka huu barabara ilikatwa wiki mbili. Hombo wanunuzi wa dhahabu wengi hutumia mizani ndogo ya mfukoni, na mizani hiyo inataka kibetri cha mviringo, bapa kama sarafu. Vikaisha sokoni. Papa Polycarpe, mnunuzi mwenye kinywa kitamu, alijua kwamba kibetri cha aina hiyo kimo pia ndani ya kila kompyuta. Akaja na dola kumi mkononi. Huko Bukavu kibetri hicho hakifiki dola moja.

Mama Kétsia alikuwa na deni la setilaiti. Akafungua mashine, akakichomoa.

Kibetri kile kina kazi moja: kuitunzia kompyuta saa na tarehe inapokuwa imezimwa. Fundi alilijua hilo. Alijua pia kwamba setilaiti ikishika, mashine huuliza tarehe huko mbali na kujirekebisha. Tatizo ni kwamba setilaiti yake huchukua nusu saa kushika. Nusu saa hiyo, kila asubuhi, mashine iliamini kwamba ni tarehe mosi Januari 2009.

"Nilijua, lakini sikuwaza," anasema, akijipiga paji la uso kwa kiganja. "Nilijiambia, nusu saa ya asubuhi, nani atakuja? Duka bado kufunguliwa!"

Siku ya kumi na tisa baada ya kukichomoa, diski ilijaa. Akaanza kufuta kumbukumbu za zamani, na miongoni mwake akaona lundo la mwaka 2009. Akashangaa. Mwaka huo hakuwa hata na kompyuta. Akafungua asome kabla ya kufuta.

KETSIA. Imeingia dakika ya kumi na saba baada ya mashine kuwashwa. Imetoka dakika ya ishirini na moja.

Jules anakumbuka kelele ile. "Nilizania nyoka imemuluma," anasema. "Nikakuta dada iko chini, ameshika meza, anasema amepita, amepita, amepita."

Amepita lini? Asubuhi kumi na tisa zote zilikuwa zimelundikana na kuchanganyika katika tarehe moja ya uongo. Mama huwasha mashine saa kumi na mbili kamili. Kwa hiyo dakika anaijua sawasawa. Siku ndiyo haijui, na bila siku hakuna lori, hakuna dereva, hakuna upande wa kuelekea. Alimwendea kijana wa kizuizi, akajibiwa kuwa magari hayaandikwi. Aliwauliza madereva zaidi ya sitini, picha mkononi. Mmoja alisema labda alimbeba msichana wa hivyo kwenda Kisangani. Mwingine akasema labda Bukavu. Hizo labda mbili zimemkondesha kuliko ule mwaka mzima wa kutojua lolote.

Saa ile ya asubuhi, enzi hizo, yeye alikuwa akipanda ngazi kupangusa umande kwenye antena. Mgongo ulielekea barabarani. Dakika nne nzima mtoto wake, au mtu aliyeishika simu ya mtoto wake, alikuwa hatua thelathini nyuma yake.

Maana hilo nalo lipo, na Jules halifichi. "Simu inauzwa, simu inaibiwa," anasema kwa sauti ya chini. "Inaweza kuwa mukononi mwa muntu mwingine. Dada anajua. Hapendi tu niseme."

Anajua. Alichelewa kujua jambo la pili, nalo ndilo lililommaliza.

Kila mteja akiingia Cyber Tumaini, hata setilaiti ikiwa bado haijashika, simu yake hulia na kufungua ukurasa: karibu, nunua tiketi kwa Mama Kétsia, Hombo, karibu na daraja. Mashine humfungia mlango mpaka aje kaunta. Lakini kule Kitshanga, Kétsia alipokuwa akilalamika kwamba anazuiwa na mtandao wa mama yake mwenyewe, mama alicheka na kumwandika katika orodha ya wasiozuiwa. Simu yake ipite bure, isiulizwe kitu, isionyeshwe ukurasa wowote. Orodha ile ilikuja Hombo ndani ya diski.

Ndiyo sababu siku ile simu haikulia. Iliingia kimya, haikuona jina la mama yake, ikatoka kimya.

"Ningekuwa mama muchoyo, leo ningekuwa na mutoto," anasema, na hapo anavuta kitenge kuziba uso. Jules anatoka nje na kujifanya anapanga misumari.

Tangu agundue hayo zimepita wiki kumi. Amenunua kibetri kipya. Amehamisha upanguzaji wa antena mpaka saa tatu. Amekonda, anakula akikumbushwa, na usingizi wake ni wa kuomba. Hata hivyo kuna jambo moja alilolipanga tangu mwanzo na mkono ukakataa: kulitoa jina la Kétsia katika orodha ile. Mara nne ameufungua ukurasa wa amri na mara nne ameufunga.

"Namna gani nimufungie?" anauliza. "Kama ule siku atapita iko na shida, anataka kuomba musaada, na mashini ya mama yake inamukatalia?"

Leo, baada ya kufagia, anavuta kinanda cha kompyuta, anakiweka mapajani. Anaandika kwa kidole kimoja, kama asiyejua kazi. Simu hii isipite. Simu hii ionyeshwe ukurasa, ilie, na izuiwe mpaka mwenyewe afike kaunta. Anasoma mara mbili. Anavuta pumzi, anabonyeza.

Kioo kidogo alichoazima kwa Jules kinaonyesha mstari mpya: KETSIA, imezuiwa. Kati ya simu zote zinazopita Hombo, hiyo ndiyo pekee iliyopigwa marufuku kwa jina.

Mama Kétsia anaufuta mstari huo vumbi kwa ncha ya kitenge, taratibu, ingawa kioo ni kisafi.

"Basi akasirike," anasema. "Akuje hapa kunigombeza."